Sura ya Saba: Jibu la Msibani

Ukianzisha mbele ya wazee wa Rungwe habari ya mtu kujiandikisha ili akifa ubongo wake uchukuliwe na watafiti, hutamaliza sentensi. Utaambiwa mila haziruhusu. Mtu huzikwa mzima, nyumbani kwake, karibu na migomba aliyoipanda, na anayekatwa vipande ni ng'ombe wa msiba. Jibu hilo husemwa kwa uzito, na mgeni hulipokea kwa adabu na kufunga daftari lake. Kasoro yake ni moja tu: si kweli.

Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe hiyohiyo, walikuwa wakiwapasua wafu wao.

Habari hizi hazikufichwa. Godfrey Wilson, mtafiti kijana kutoka Uingereza, alifika katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1934. Mkewe Monica akamfuata, na hadi 1938 walikuwa wakiishi vijijini huko, wakijifunza lugha na kukaa misibani pamoja na wenyeji. Godfrey aliandika makala ndefu kuhusu mazishi, kisha akafariki mwaka 1944 akiwa bado kijana. Monica ndiye aliyebaki na madaftari, na kazi zake zilitoka kidogo kidogo, kikiwamo kitabu cha mwaka 1951 kiitwacho Good Company. Wanyakyusa waliowaelezea waliamini kuwa mchawi ana chatu tumboni, na kwamba chatu huyo hurithiwa kutoka kwa mzazi. Waliamini pia kwamba kijiji kina walinzi wake, watu wenye nguvu ya namna hiyohiyo, ambao usiku huwaona wachawi na kupambana nao. Kifo kikitiliwa shaka, maiti ilipasuliwa kabla ya kuzikwa na tumbo likachunguzwa. Je, marehemu aliuawa na watu, au ni maradhi yaliyomchukua? Je, yeye mwenyewe alikuwa na kitu tumboni?

Simtetei chatu. Watu wasio na hatia waliteseka kwa ajili yake, na katika baadhi ya vijiji vya nyanda za juu kusini watu bado wanaogopa kuzeeka kwa sababu ya imani za namna hiyo. Kinachonivuta ni utaratibu wenyewe. Swali lililoulizwa lilikuwa la wafiwa, si la mgeni: kwa nini huyu amekufa? Kazi ilifanyika hapohapo, na watu wa hapohapo. Jibu nalo, liwe sahihi au la kubuni, lilipatikana kabla kaburi halijafukiwa. Waliotoa mwili waliondoka na neno.

Baadaye walikuja wapasuaji wa aina nyingine.

Mji wa Tukuyu, huko Rungwe, ulizaliwa kama kituo cha Wajerumani, Neu-Langenburg. Kabla yake ilikuwepo Langenburg ya kwanza, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na katika eneo hilo, mwishoni mwa karne ya 19, alifanya kazi daktari wa jeshi la kikoloni aliyeitwa Friedrich Fülleborn. Fülleborn alipima watu: urefu wa mikono, upana wa pua, mzingo wa kichwa. Alikusanya na mafuvu. Mwaka 1902 alichapisha Berlin kitabu kizima cha vipimo vya watu wa kaskazini mwa Nyasa, Wanyakyusa wakiwemo, enzi hizo wakiitwa Wakonde. Baadaye, akiwa Hamburg, alipata sifa kubwa kama mtaalamu wa minyoo jamii ya filaria. Sayansi yake ya minyoo ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana ni vigumu kumweka kando kwa neno moja tu la "mkoloni". Ila vichwa alivyochukua havikuwahi kumjibu yeyote wa huku. Mafuvu kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani yako Berlin mpaka leo, kwa mamia, na ilipofika mwaka 2023 ndipo makumbusho ya huko yakatangaza kuwa vipimo vya DNA vimepata ndugu walio hai Tanzania wa baadhi ya mafuvu hayo. Zaidi ya miaka mia moja kwa jibu la kwanza.

Nairobi ilikuwa na hadithi mbaya zaidi. Mwaka 1934, mwaka uleule Wilson alipofika Unyakyusa, daktari wa patholojia wa serikali ya kikoloni, F. W. Vint, alichapisha katika jarida la anatomia la Uingereza matokeo ya uchunguzi wa bongo 100 za wanaume Waafrika. Hao wanaume mia hawakujiandikisha popote. Walikufa, wakapasuliwa, wakapimwa kwa mizani, na Vint akatangaza kuwa bongo zao zilikuwa nyepesi kuliko za Wazungu na kwamba tabaka lao la juu lilikuwa jembamba. Vipimo vya upande wa pili, vya Ulaya, alivitoa katika maandishi ya wengine. Hapakuwa na hesabu ya nani alikufa kwa utapiamlo, nani alikua na njaa, nani alilala muda gani kabla ya kupasuliwa. Lakini Nairobi ilikuwa na wasikilizaji wa habari hiyo: mwaka 1933 walowezi walikuwa wameunda chama cha kile walichokiita kuboresha mbari, na H. L. Gordon, daktari aliyekuwa kinara wao, aliitumia kazi ya Vint kudai kwamba kumsomesha Mwafrika ni kupoteza fedha.

Kwa hiyo mtu wa Rungwe au wa Kiambu anapokunja uso akisikia daktari anataka ubongo, asidharauliwe. Hajakosa elimu. Anakumbuka, hata kama hajui majina.

Yupo mtu aliyefuta sehemu ya aibu hiyo, na amefutwa nayo kwenye kumbukumbu za watu wa kawaida. Mwaka 1996 Julius Ogeng'o, mtaalamu wa anatomia wa Nairobi, pamoja na madaktari wa Dar es Salaam, miongoni mwao William Matuja wa Muhimbili, na Raj Kalaria aliyekuwa Marekani wakati huo, walichapisha uchunguzi wa bongo za watu wa makamo na wazee wa Afrika Mashariki ambao walikufa bila dalili za ugonjwa wa kusahau. Walizilinganisha na bongo za watu wa Cleveland, Ohio. Chini ya hadubini waliona kwamba mabaka ya protini yanayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer yalikuwemo katika bongo za pande zote mbili, kwa kiasi kisichotofautiana sana. Bongo zetu zinazeeka kama za wengine. Ilichukua miaka 62 baada ya Vint mtu wa hapa kulisema hilo akiwa na vipande vya ubongo mkononi, na sidhani kama kuna mwalimu hata mmoja wa sekondari anayelifundisha.

Nini basi kinachotafutwa ndani ya kichwa cha mtu aliyekwisha kufa?

Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiwapima wazee, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 walikuta kwamba kati ya watu wa miaka 70 na kuendelea, asilimia 6.4 walikuwa na demensia, yaani akili inayopungua kwa ugonjwa. Walijua hivyo kwa maswali na mazungumzo: leo ni siku gani, mtaje mwenyekiti wa kijiji, rudia maneno haya. Maswali hayawezi kusema ni ugonjwa upi. Bibi anayepotea njia ya kisimani anaweza kuwa na Alzheimer, au viharusi vidogo vidogo vilivyomla taratibu kwa sababu ya presha isiyotibiwa, au vyote viwili, na kwa dawa ya kesho tofauti hiyo ni kubwa. Nchi tajiri leo zina mashine na vipimo vya damu vinavyokaribia kutoa jibu mgonjwa akiwa hai. Huku jibu la uhakika bado liko kwenye hadubini, na hadubini inahitaji kipande cha ubongo. Inahitaji pia bongo za watu waliokufa wakiwa timamu, maana bila hizo hakuna cha kulinganisha. Hili watu wengi hawalijui: mzee wa miaka 90 anayekumbuka deni la mwaka 1974 ana thamani kwa watafiti sawa na jirani yake aliyesahau majina ya wanawe.

Kazi yenyewe haina uchawi. Maiti hulazwa chali, kichwa kikaegemezwa juu ya kigogo. Ngozi hukatwa kuanzia nyuma ya sikio moja, ikapita utosini, ikashuka nyuma ya sikio la pili. Hukunjuliwa mbele na nyuma, mfupa ukaonekana. Msumeno mdogo huzunguka fuvu, kifuniko cha mfupa hutolewa, kisha utando mgumu ulio chini yake hufunguliwa. Mpasuaji huingiza vidole chini ya paji la uso, huinua ubongo polepole, hukata mishipa ya macho, kisha mingine, kisha shina lake panapoungana na uti wa mgongo. Unatoka mzima, kilo moja na robo au zaidi kidogo, na ukiwa bado mbichi ni laini kama maziwa ya mgando yaliyoshikana vizuri. Ukiuweka mezani bila kuushika, hulegea na kutanuka. Ndiyo maana nusu hutumbukizwa haraka katika fomalini, ambamo hukaa wiki kadhaa mpaka uwe mgumu wa kukatika kwa kisu, na nusu nyingine hugandishwa kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Kifuniko cha fuvu hurudishwa, ngozi hushonwa. Uso hauguswi. Marehemu akilala juu ya mto, mshono uko nyuma, na kwa mama aliyefungwa kilemba hata aliyemfunga kilemba hatauona. Anayepita kuaga hataona kitu.

Saa ndizo adui. Benki nyingi za ubongo duniani hutaka kazi iwe imefanyika ndani ya siku moja tangu kifo, kwa sababu chembe za urithi na protini huanza kuvunjika mara moja. Nitarudi kwenye saa hizo, maana kwa Kisiba, mahali pa mbali huko Rungwe, hapo ndipo penye kazi.

Kwanza Uganda, kwa sababu huko ndugu walikubali.

Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kuwatibu wenye kifafa Mahenge, katika Tanganyika ya wakati huo, mwishoni mwa miaka ya 1950, na miaka ya 1960 akaandika kuhusu watoto ambao kichwa chao kilikuwa kikianguka mbele mara kwa mara, kama mtu anayesinzia. Miongo kadhaa baadaye ugonjwa unaofanana na huo ulizuka kwa nguvu kaskazini mwa Uganda, kwa Waacholi, katika wilaya kama Kitgum na Pader, kwa watu waliokuwa wamekaa miaka katika kambi za vita. Maelfu ya watoto waliathirika. Waliacha shule, wengine waliungua kwa kuangukia moto, wengine walizama mtoni. Wazazi walikuwa na maelezo yao: sumu ya mabomu, chakula cha msaada, roho za waliouawa bila kuzikwa. Madaktari walishuku usubi, maradhi ya mnyoo anayeenezwa na inzi weusi, maana ugonjwa ulifuata mito inayozaa inzi hao, lakini hakuna aliyekuwa ameuona ubongo.

Mwaka 2018 timu ya Michael Pollanen wa Toronto na wenzake wa Uganda ilichapisha uchunguzi wa bongo za vijana watano wa Kiacholi, wa umri wa miaka 13 hadi 18, waliokufa kwa ugonjwa huo. Ndani ya seli walikuta vifundo vya protini iitwayo tau, ambavyo kwa kawaida huonekana katika vichwa vya wazee au vya mabondia waliopigwa miaka mingi. Mwaka uliofuata watafiti wa Uganda na wa Antwerp walichunguza bongo nyingine; waliona dalili za uvimbe wa muda mrefu, lakini mnyoo wa usubi hawakumkuta ndani ya ubongo. Hakuna picha ya mashine ambayo ingeonyesha hayo. Yameonekana kwa sababu, katika vijiji vilivyokwisha kupoteza kila kitu, baba na mama kadhaa walikubali kichwa cha mtoto wao kifunguliwe. Habari hizo zilikaa katika majarida ya Kiingereza ya watu wa patholojia. Kama mama wa Pader alipelekewa neno "tau", na likaelezwa kwa Kiacholi, hilo ndilo swali ambalo kila mpango wa namna hii unapaswa kuanza nalo.

Jambo hili linaigusa Rungwe moja kwa moja. Tukuyu ni moja ya maeneo ya usubi yanayofahamika Tanzania. Mito inayoshuka kutoka milima ya Rungwe na Livingstone kuelekea Nyasa ni ya kasi na yenye mawe, na inzi wa usubi hutaka maji ya namna hiyo. Mectizan, dawa ambayo kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure tangu 1987, imegawiwa huku kwa miaka. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo Tukuyu. Kwa hiyo swali la usubi, kifafa na ubongo si la Waacholi peke yao.

Wala Kisiba si mahali pageni kwa sayansi. Ziwa la kreta la Masoko, ambalo pia huitwa Kisiba, limetobolewa na watafiti wa Kifaransa waliotoa nguzo ndefu ya matope yenye kumbukumbu ya mvua na ukame wa miaka zaidi ya 40,000. Samaki wake wadogo jamii ya sato walisomwa chembe zao za urithi, na mwaka 2015 jarida la Science likaeleza jinsi spishi moja inavyogawanyika mbele ya macho yetu, wa maji ya juu na wa maji ya chini. Matope na samaki wa Kisiba wamesafiri mbali kuliko wengi wa wakazi wake. Sijui ni wangapi kati ya hao wakazi waliwahi kuambiwa ziwa lao linasema nini.

Sasa tuseme kuna bibi wa Kisiba, mjane, mshirika wa Moravian, mwenye miaka 81, anayetaka kujiandikisha. Amemwona mumewe akimaliza miaka sita bila kulijua jina lake, na anataka wajukuu wajue kama jambo hilo lipo katika damu. Aende wapi? Tukuyu hakuna ofisi yenye daftari hilo, wala Mbeya. Uholanzi wana benki ya ubongo tangu 1985. Uingereza mtu hujaza fomu akiwa mzima, hupimwa kumbukumbu kila baada ya muda, na siku ya kifo kuna namba ya kupigwa. Na hata Uingereza haikufika hapo kwa wema: mwishoni mwa miaka ya 1990 iligundulika kuwa hospitali ya watoto ya Alder Hey, Liverpool, ilikuwa imehifadhi viungo vya watoto wengi bila wazazi kuambiwa, na ghadhabu ya wazazi hao ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka 2004. Kwa Afrika, Ibadan huko Nigeria wameanza. Rufus Akinyemi na wenzake wanajenga benki yao.

Tumpe bibi yetu daftari ambalo halipo. Tumpe na daktari wa patholojia anayepokea simu. Anafariki saa tisa usiku, mwezi wa nne, mvua ya Rungwe ikinyesha kama kawaida yake. Kutoka Kisiba mpaka mochwari ya hospitali ya wilaya, Makandana, kuna barabara ya utelezi na gari la kuazima. Kutoka Tukuyu hadi hospitali ya rufaa Mbeya ni kama kilomita 70. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Ikifika saa mbili asubuhi turubai limefungwa, wanawake wamekaa ndani, na vijana wa kuchimba wamekwisha kuitwa. Hapo ndipo daktari anapompigia mwanawe mkubwa.

"Pole sana, baba. Pole kwa msiba."

"Ahsante, daktari."

"Mama alikuwa ameandika kitu kwetu. Kuhusu ubongo wake. Ningeomba tuzungumze."

Kimya kidogo. Kisha: "Ngoja nimwulize baba mkubwa."

Yeyote aliyewahi kuhudhuria kikao cha ukoo anajua kilichobaki. Baba mkubwa hakuwepo siku fomu inajazwa. Fomu ilijazwa na mtu mmoja na saini moja, na msiba haujawahi kuwa wa mtu mmoja.

Kenya walilipigania hilo mahakamani mpaka dunia nzima ikasikia. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alisema mumewe alitaka kuzikwa nje kidogo ya Nairobi, Upper Matasia. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Mwili ukakaa mochwari miezi mitano huku mawakili wakibishana, na mahakama ikaupa ukoo. Otieno alizikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei 1987. Cha ajabu ni kwamba sheria ya Kenya kuhusu viungo vya binadamu, ya miaka ya 1960, inamruhusu mtu kuutoa mwili wake kwa utafiti kwa maandishi, au kwa kutamka tu mbele ya mashahidi wawili akiwa katika ugonjwa wake wa mwisho. Kwenye karatasi, marehemu ana kauli. Mochwarini, wenye kauli ni waliobaki hai, na daktari mwenye akili hatamsomea mzee wa ukoo kifungu cha sheria saa mbili asubuhi.

Ni Siaya hiyohiyo inayoonyesha njia nyingine. Tangu mwaka 2017 mradi uitwao CHAMPS, ukifanya kazi na taasisi ya KEMRI, umekuwa ukiwaomba wazazi waliofiwa na watoto wachanga na wadogo waruhusu sindano. Hakuna msumeno. Sindano huchukua vipande vidogo vya mapafu, ini, na ubongo, na maji ya uti wa mgongo. Mwili hurudi nyumbani haraka na kuzikwa. Kisha jopo la madaktari hukaa, hukubaliana ni nini kilichoua, na mtu wa mradi huenda kwa wazazi kuwaambia. Kipande cha sindano ni kidogo mno kwa swali la demensia, ambalo hutaka kuona sehemu nyingi za ubongo kwa pamoja. Lakini ile hatua ya mwisho, mtu kwenda nyumbani na jibu, ndiyo iliyokosekana kwa Fülleborn na kwa Vint, na ndiyo iliyokuwepo katika mila ya Wanyakyusa pamoja na makosa yake yote. Wazazi wa Siaya hawana mapenzi makubwa zaidi kwa sindano kuliko wazazi wa Kisiba. Wanataka kujua kama mtoto anayefuata atapona.

Upo mfano wa watu waliotoa bila kusitasita, na haukutoka kwa matajiri wa Amsterdam. Mwaka 1986 David Snowdon alianza kuwafuatilia masista wazee wa shirika la Notre Dame nchini Marekani. Alikwenda mwenyewe katika nyumba zao za kitawa kuwaomba bongo zao, na masista 678 wakakubali. Walimruhusu asome na majalada yao ya ujana, ya wakati walipoingia utawa. Mmoja wao, anayeitwa Sista Mary katika maandishi yake, alifariki akiwa na miaka 101 akiwa bado na akili iliyochangamka, na ubongo wake ulipofunguliwa ulikuwa umejaa mabaka ya Alzheimer. Mpaka leo wanasayansi wanajiuliza jinsi ubongo ulioharibika hivyo ulivyoendelea kufanya kazi. Masista walikubali kwa sababu walimjua anayewaomba, alirudi kila mara, na walikuwa wakisikia anachokipata. Na waliamua kwa pamoja, sista akimwona jirani yake wa chumba cha pili ametia saini.

Rungwe ina kitu kinachokaribia hicho. Wamoravian na Walutheri walifika mwaka 1891, na makanisa yana hospitali, vikundi vya akina mama, na wazee wa kanisa ambao ndio hao hao baba wakubwa wa kwenye turubai. Mpango wa kuandikisha watu ukianzia kwenye dirisha la hospitali utapata wasomi wachache wastaafu. Ukianzia kwenye kikundi cha akina mama wa Kisiba, wakiandikishwa kumi kwa pamoja, waume na kaka zao wakiwa wamekaa hapohapo, simu ya saa mbili asubuhi haitakuwa habari mpya kwa mtu.

Ubongo uliolowekwa katika fomalini huchukua wiki kadhaa kabla ya kukatwa, na kuukata, kuupaka rangi na kuusoma huchukua wiki nyingine. Muda huo unatosha kwa jibu kufika kabla ya ndugu kukutana tena kumaliza msiba. Mtu mmoja aende, aliyesoma, anayejua Kinyakyusa, akae na wafiwa na kusema walichokiona: mishipa iliyoziba, au mabaka, au kwamba mama alikuwa na ubongo mzima na alikufa kwa nimonia. Hilo liandikwe kwenye fomu juu kabisa, kabla ya jina: nani ataleta jibu, lini, na kwa lugha gani. Na pale fomu inapoomba namba ya simu ya ndugu wa karibu, iachwe nafasi ya namba mbili, ya baba mkubwa ikitangulia ya mtoto.